Habari ya "kupandikiza kinyesi" niisomeje redioni bila kuwapotosha wasikilizaji?

Mtayarishaji_Shangani

Wakuu habari za jioni. Nina kipindi cha afya cha dakika kumi kwenye redio ya jamii hapa Mtwara mjini, kinaruka Alhamisi saa tatu asubuhi. Mhariri ameniletea makala ya kigeni iliyomkosha, anataka niitafsiri na kuisoma. Kichwa anachokitaka: "Kinyesi chawa dawa: chaponya kuhara sugu, unene, kisukari na msongo wa mawazo."

Nimefika hapa, nabandika kama ilivyo:

"Wanasayansi wamegundua kuwa mwili wa binadamu una vimelea mara kumi ya seli zake, na uzito wa vimelea hao ni kilo mbili. Vimelea hao huzalisha asilimia 90 ya homoni ya furaha. Sasa madaktari wanachukua kinyesi cha mtu mwenye afya na kumpandikizia mgonjwa, na asilimia 94 wanapona. Panya walionenepa baada ya kupewa kinyesi cha watu wanene wamethibitisha kuwa unene unaambukiza. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao bado wana utumbo wa kale, ndio tumaini la tiba ijayo."

Naomba mnichambulie: kipi kweli, kipi kitoke, maneno "vimelea" na "kupandikiza" yakae au yaondoke. Na msikilizaji wa Nanyamba au Kitangari akipiga simu kuuliza naipata wapi, au naweza kujifanyia nyumbani, nimjibu nini? Tafadhali nipeni vitu vya kusoma hewani, siyo visa.

Daktari_Kusini

Mkuu, anza na hiyo asilimia 94, maana ndiyo itakayobaki vichwani mwa watu. Ni namba ya kweli, ila imekatwa kichwa na mkia.

Inatoka kwenye utafiti wa Amsterdam uliochapishwa Januari 2013. Waliopewa kinyesi walikuwa watu 16. Kumi na tatu walipona kwa dozi ya kwanza. Kati ya watatu waliobaki, wawili wakapona kwa dozi ya pili iliyotoka kwa mchangiaji mwingine. Hapo ndipo inapopatikana 15 kati ya 16. Waliotibiwa kwa antibayotiki ya vankomisini peke yake walipona 4 kati ya 13, na waliopewa vankomisini pamoja na dawa ya kusafisha utumbo walipona 3 kati ya 13. Pengo lilikuwa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Sasa angalia makala yako ilichoruka: haisemi hao watu walikuwa wanaumwa nini. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja, kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, tena kulikorudi baada ya kutibiwa. Mlolongo wake ni huu. Mtu anameza antibayotiki kwa sababu nyingine kabisa, kifua, mkojo au jino. Dawa inafyeka bakteria wa kawaida wa utumbo mpana. C. difficile ana spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, na spora haiuawi na dawa hizo, kwa hiyo anabaki na uwanja mtupu, anazaliana na kutoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo. Ukimtibu kwa antibayotiki nyingine unamwua yeye, lakini unaendelea kuwafyeka waliokuwa wanamzuia. Dozi ikiisha, spora zilizobaki zinachipua. Baadhi ya wagonjwa huzunguka hivyo miezi. Kinyesi cha mtu mwenye afya kinawarudisha wale wazuiaji, ndiyo maana tiba inafanya kazi kwa ugonjwa huu na haijafanya hivyo kwa magonjwa mengine yaliyotajwa kwenye kichwa chako.

Kwa redio ningesema: "Kati ya wagonjwa 16 wenye kuhara kulikowarudia baada ya antibayotiki, 15 walipona." Ukitaja asilimia bila jina la ugonjwa, mama wa Newala ambaye mwanawe anaharisha kwa maji machafu atadhani anazungumziwa yeye.

"Wamegundua" itoke. Mwaka 1958 huko Denver, Marekani, Ben Eiseman na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 4 waliotibiwa kwa enema ya kinyesi, yaani kuingizwa kwa bomba njia ya haja kubwa, na wakati huo bakteria anayesababisha alikuwa hajulikani. Alikuja kutambuliwa mwaka 1978. Jipya ni kwamba Marekani imesajili bidhaa mbili. Rebyota, Novemba 2022, mililita 150 zinazoingizwa njia ya haja kubwa mara moja. Vowst, Aprili 2023, vidonge 4 kwa siku kwa siku 3, tumbo likiwa tupu. Zote ni za kuzuia C. difficile asirudi, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na hutolewa baada ya antibayotiki kumaliza kazi yake. Hilo la mwisho vyombo vya habari hulisahau sana: kinyesi hakichukui nafasi ya antibayotiki, kinakuja nyuma yake. Na kama mhariri anapenda mzaha wa "dawa ya bure iliyokuwa inamwagwa chooni", mwambie Vowst ilipoingia sokoni bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 17,500 kwa dozi nzima.

Kisukari: upo utafiti wa Uholanzi wa 2012 ambapo wanaume wenye uzito mkubwa walipewa kinyesi cha watu wembamba. Baada ya wiki 6 insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi kidogo. Uzito haukushuka. Hiyo haiitwi "chaponya kisukari".

Usije pia ukachomeka usonji, maana najua ipo kwenye makala nyingi za aina hii. Utafiti unaotajwa, wa Arizona mwaka 2017, ulikuwa na watoto 18 wenye usonji, wote wakapewa tiba, hakuna kundi la ulinganisho lililopewa kitu kisicho na dawa ndani, na wazazi walioulizwa kuhusu mabadiliko walijua mtoto amepewa nini. Utafiti wa namna hiyo unatoa sababu ya kufanya mwingine ulio bora. Hautoi kichwa cha habari.

Maabara_Lindi

Swali la "naweza kujifanyia nyumbani" ningelijibu kwa kueleza kinachofanyika kwenye kituo kinachotoa tiba hii. Ukishaeleza, msikilizaji anajijibu mwenyewe.

Mchangiaji anahojiwa kwanza: ametumia antibayotiki miezi mitatu iliyopita? Ameharisha karibuni? Amesafiri? Ana historia ya magonjwa ya utumbo? Akipita hapo anatolewa damu kupima VVU, homa ya ini A, B na C, na kaswende. Kisha choo chake kinatafutwa Salmonella, Shigella, Campylobacter, C. difficile, minyoo, amiba, na kundi ambalo watu hawalijui, yaani bakteria sugu kwa dawa, wakiwemo wale wanaozalisha vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja antibayotiki. Mtu anaweza kuwabeba hao miaka bila hata kuumwa tumbo. Ndugu yako anayeonekana mzima kabisa si kipimo cha chochote.

Maandalizi: angalau gramu 30 za kinyesi kibichi kwa mililita 150 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, vinakorogwa, vinachujwa kuondoa makapi. Kama kinahifadhiwa, inaongezwa gliseroli mpaka ifike asilimia 10, halafu kinagandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Kuyeyusha ni kwenye maji ya nyuzi 37, na kitumike ndani ya saa 6. Kila hatua ina sababu. Gliseroli inazuia barafu isipasue bakteria. Saa 6 ni kwa sababu wengi wa bakteria tunaowataka hawavumilii oksijeni. Kadiri kinavyokaa hewani ndivyo wanavyokufa wao huku wale wagumu, akina E. koli, wakibaki. Blenda ya jikoni inapiga hewa ndani, na friza ya samaki inaishia nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Aliyejifanyia nyumbani anaweza kuwa amejipa hasa wale asiowataka.

Jambo la kutilia mkazo kwa huku kwetu: mtu atakuambia "nimepima choo, kiko safi". Kipimo cha choo cha kawaida ni hivi. Unachukua choo kidogo kwa ncha ya kijiti, unakichanganya na tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo na tone la ayodini upande mwingine, unafunika, unaangalia kwa lensi ya 10 kisha ya 40. Unatafuta mayai ya minyoo, amiba, giadia, chembe nyeupe. Ukiandika "hakuna kilichoonekana", umesema hivyo tu. Darubini haioni homa ya ini, haioni usugu wa dawa, na haiwezi kukuambia bakteria huyu ni C. difficile. Karatasi hiyo haimfanyi mtu kuwa mchangiaji.

Lililotokea Marekani mwaka 2019 lisomwe kama lilivyo. Wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipewa vidonge vya kinyesi kutoka kwa mchangiaji mmoja, kwenye majaribio ya tiba yasiyohusu C. difficile. Wote wawili walipata maambukizi ya E. koli mwenye ESBL kwenye damu. Mmoja alifariki. Vidonge vilitengenezwa kabla kipimo cha ESBL hakijaanza kutumika pale. Kipimo kilipoanza, akiba ya zamani iliyokuwa kwenye friza haikurudiwa kupimwa. Watu wenye maabara kamili waliponyokwa na kitu kimoja tu cha kumbukumbu za friza. Sasa linganisha na chumbani kwa mtu.

Ukitaja C. difficile, tumia nusu dakika kusema hili pia: vitakasa mikono vya spiriti haviui spora zake. Mikono inaoshwa kwa maji tiririka na sabuni ili spora zitoke. Sakafu na choo vinafutwa kwa klorini ya asilimia 0.5, kwa Jik ya asilimia 3.5, ni kipimo kimoja cha Jik kwa sita vya maji, ichanganywe siku hiyohiyo.

Mtayarishaji_Shangani

Ahsanteni sana, hapo nimepata kipindi kizima. Bado panya na Wahadzabe. Halafu kuna jambo nilikuwa sijalisema: mdhamini wa kipindi anauza unga wa "kusafisha utumbo na kurudisha bakteria wazuri", na tangazo lake linawekwa katikati ya kipindi. Mhariri anasema mada imeangukia pazuri.

Biolojia_Nachingwea

Kabla ya panya, futa zile namba mbili za mwanzo. "Mara kumi" ni makadirio ya miaka ya 1970 yaliyonakiliwa kitabu kwa kitabu bila mtu kurudi kuhesabu. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo waliyapiga hesabu upya: kwa mwanaume wa kilo 70, bakteria trilioni 38 dhidi ya seli trilioni 30. Karibu sawa kwa sawa, na tofauti hiyo inaweza kugeuka ukitoka tu chooni. Uzito wa bakteria wote ni kama gramu 200. Kilo mbili ni chumvi.

"Homoni ya furaha" ni serotonini. Ni kweli sehemu kubwa sana ya serotonini ya mwili iko utumbo, lakini inayoitengeneza ni seli za utumbo wenyewe. Bakteria wanazichochea tu. Na serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kazi yake kubwa huko chini ni kuusukuma utumbo ufanye kazi. Kwa hiyo sentensi nzima inaanguka.

Panya. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walihamisha bakteria kutoka panya wanene kwenda kwa panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, na mwaka 2013 wakafanya hivyo kwa kinyesi cha mapacha wa kibinadamu, mmoja mnene mwingine mwembamba. Panya waliopewa cha pacha mnene waliongeza mafuta zaidi. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi ni neno "wamethibitisha". Panya hao huzaliwa na kukua ndani ya chumba cha plastiki kilichofungwa, hewa ikichujwa na chakula kikichemshwa. Kinga yao na utumbo wao havijakua kama vya panya wa kawaida, seuze vya mtu. Pia bakteria wengi wa binadamu hawakai ndani ya panya. Mwaka 2020 Jens Walter na wenzake walipitia tafiti 38 za kuhamishia panya kinyesi cha watu wagonjwa, na 36 zilidai ugonjwa umehamia kwa panya. Unene, shinikizo, msongo, kila kitu kinahama! Matokeo mazuri kiasi hicho yanatia shaka kipimo chenyewe. Kosa mojawapo wanalolitaja ni la hesabu: kinyesi cha watu 2 kikigawiwa kwa panya 20, sampuli yako ni 2. Makala za habari huandika 20.

"Unene unaambukiza" kwa binadamu unaegemea taarifa moja ya 2015, ya mwanamke aliyepewa kinyesi cha binti yake kwa ajili ya C. difficile, baadaye akanenepa. Mtu mmoja. Na mtu aliyeharisha miezi akapona, hamu ya chakula ikirudi, atanenepa hata bila kinyesi cha mtu.

Wahadzabe ndio wanaonikera zaidi, maana hapo tunazungumzia Watanzania wenzetu kana kwamba ni mabaki ya jumba la makumbusho. Hakuna "utumbo wa kale". Bakteria wao wameendelea kubadilika kwa muda uleule kama wa kwako. Utafiti wa 2014 ulilinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi, hilo ndilo lililotangazwa. Lisilotangazwa sana ni kwamba watu wazima wa Kihadzabe hawakuonekana kuwa na Bifidobacterium, yule yule anayeuzwa kwenye mtindi wa dukani kama "bakteria mzuri", na walikuwa na bakteria waitwao Treponema, wa aina ambazo vitabu vya Ulaya huzihusisha na ugonjwa. Wana afya zao. Maana yake orodha ya "wazuri" na "wabaya" haisafiri kutoka nchi hadi nchi. Utafiti mwingine, wa 2017, ulionyesha kwamba baadhi ya makundi hupungua wakati wa masika, asali na matunda yakiwa mengi, hadi mengine yasionekane, kisha yanarudi kiangazi chakula kikibadilika. Hicho ndicho cha kumwambia mtu wa Tandahimba: chakula chako kinawabadilisha hata ndani ya mwaka mmoja.

Kuna Mmarekani aliyeandika mwaka 2014 kwamba amejiingizia kinyesi cha mwanaume wa Kihadzabe, na habari ikazunguka dunia. Iache. Mtu mmoja aliyejifanyia mwenyewe si utafiti.

Mhariri_Kilwa

Nije kwenye maneno, maana hapo ndipo kosa linapoingia bila mtu kuona.

"Vimelea" ondoa mstari kwa mstari. Kimelea ni kinachoishi kwa kumnyonya mwingine: mnyoo, amiba, kijidudu cha malaria. Ukimwambia msikilizaji "vimelea wazuri" ni sawa na kumwambia "kupe wazuri". Sema "bakteria wa utumbo". Kwa jumla yao, magazeti siku hizi huandika "mikrobiomu"; redioni ningesema "jamii ya bakteria wa utumbo" mara ya kwanza, halafu "bakteria wa utumbo" moja kwa moja. "Wadudu" ikwepe kabisa. Mtu akisema ana wadudu tumboni, anayefuata ni kwenda kununua dawa.

"Kupandikiza" inabaki, imeshazoeleka, ila mtu akiisikia anaona kisu na figo. Ieleze papo hapo: "yaani kuchukua bakteria kutoka kwenye kinyesi kilichopimwa na kuwaingiza kwenye utumbo wa mgonjwa, kwa mpira, kwa enema au kwa vidonge." Hakuna upasuaji.

Kinyesi au choo? "Kinyesi" ni sahihi na hakimchafui mtu. "Choo" ndilo neno la hospitali, lakini "kupandikiza choo" mtu ataona jengo. Lile neno lenye herufi nne usiliguse, hata kwa utani na mtangazaji mwenzio; saa tatu asubuhi kuna watu wanakunywa uji. Na kicheko chenyewe kina gharama. Habari hizi nyingi hupewa nafasi kwa sababu zinachekesha, kisha kicheko kinakula muda wa kutaja ugonjwa.

Sasa neno baya kuliko yote halimo kwenye orodha yako: "inaweza". Mwandishi wa awali aliposema jambo lina uwezekano tu, mtafsiri huandika "inaweza kutibu kisukari". Kwa Kiswahili cha mtaani "inaweza" ni "ina uwezo". Mganga anaweza, dawa inaweza. Shaka yote imeyeyuka. Tumia "huenda", au bora zaidi taja hali ilivyo: "imejaribiwa kwa panya", "imejaribiwa kwa watu 18 bila kundi la ulinganisho". Msikilizaji hahitaji kivumishi, anahitaji kujua ni panya au ni mtu.

Usimlaumu mwandishi wa gazeti peke yake. Mwaka 2014 Petroc Sumner na wenzake walipitia taarifa 462 kwa vyombo vya habari zilizotolewa mwaka 2011 na vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Asilimia 36 ya zile za utafiti wa wanyama zilikuza matokeo kuyapeleka kwa binadamu kupita ilivyoandikwa kwenye utafiti wenyewe. Pale taarifa ya chuo ilipokuza, asilimia 86 ya habari nazo zilikuza. Pale haikukuza, asilimia 10. Chumvi inatiwa chungu kikiwa bado jikoni kwa wenyewe. Kwa hiyo usitafsiri habari, fungua muhtasari wa utafiti. Karibu zote unausoma bure. Tafuta nani walipewa, wangapi, walilinganishwa na nani, na kilichopimwa ni kupona au ni namba ya kwenye damu. Hayo manne yakikosekana kwenye makala, hujapata habari bado.

Mfamasia_Masasi

Mkuu, la mdhamini. Tangazo lisikae ndani ya mada wala kugusana nayo. Ukisema "bakteria wa utumbo ni muhimu" kisha likaingia "rudisha bakteria wazuri kwa unga huu", msikilizaji anaunganisha bila wewe kutamka. Lisogezwe mwisho baada ya muziki, au wiki hiyo lisiwepo. Muulize pia namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chakula lishe na dawa havisajiliwi sawa, na mwenye chakula lishe haruhusiwi kudai kinatibu ugonjwa.

Na unga wa "kusafisha" kwa kawaida ni dawa ya kuharisha, sana majani ya sena. Kuharisha hakuchagui bakteria. Kunapoteza maji, chumvi na potasiamu. Kwa mzee anayetumia vidonge vya presha vya kukojoa, hapo ni hatari ya moyo, achilia mbali utumbo.

Vidonge vya bakteria navyo vina habari yake. Utafiti wa Israeli wa 2018 uliwapa watu antibayotiki, kisha baadhi wakapewa vidonge vya bakteria na wengine wakaachwa. Waliomeza vidonge, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko walioachwa bila kitu. Ni watu 21 tu, usiufanye sheria, lakini unatosha kuzuia sentensi ya "meza hivi baada ya dozi" isisomwe kama jambo lililothibitika.

Simu zikipigwa, wengi hawatakuwa na C. difficile. Watakuwa na kuhara kwa kawaida. Kwa mtoto: ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, itumike ndani ya saa 24 kisha imwagwe; zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. Makosa mawili ninayoyataja kila mara: pakiti kuchanganywa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anazidi kukauka, na zinki kuachwa mapema. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kushindwa kunywa, aende kituo.

Swali la kuuliza kwa mtu mzima: "Umetumia antibayotiki miezi mitatu iliyopita? Unaenda choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku?" Akijibu ndiyo kwa yote mawili, asijinunulie dawa nyingine dukani. Sipro, amoksilini yenye klavulanati, klindamaisini na dawa za jamii ya seftriaksoni ndizo zinazoongoza kufungulia mlango C. difficile. Akamwone daktari na ataje dawa alizotumia kwa majina. Aende na boksi tupu kama analo. Dawa za kufunga kuhara kama loperamidi asiguse mpaka aonwe, maana zinafungia sumu ndani. "Naipata wapi" usijibu kwa kutaja hospitali yoyote ambayo hujazungumza nayo mwenyewe, watu watapanda basi.

Kama unataka dakika mbili za kusini zenye mashiko, zipo bila panya. Togwa: mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa Tanzania, watoto walipewa togwa kila siku, na idadi ya waliokutwa na bakteria wa magonjwa kwenye choo ikashuka. Walipima bakteria, hawakupima kama waliugua kidogo, uliseme hivyo hivyo. Na nyuzi za chakula ambazo bakteria wa utumbo mpana wanazila zimo kwenye mbaazi, kunde, kisamvu na ming'oko. Uraka, ile pombe ya mabibo, usiuingize, kuna mtu atakupigia simu kuuthibitisha.

Mtayarishaji_Shangani

Nimeandika upya. Mwanzo wake:

"Kuna ugonjwa wa kuhara unaowapata baadhi ya watu baada ya kutumia antibayotiki, na ukitibiwa hurudi tena na tena. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, madaktari wa Uholanzi waliwapa wagonjwa 16 wa aina hiyo bakteria kutoka kwenye kinyesi cha watu waliopimwa. Kumi na tano walipona. Kwa unene na kisukari, majaribio yaliyofanyika hayajaonyesha kuponya. Leo tutaeleza kwa nini kinyesi hicho hupimwa kabla, na kwa nini hakuna anayepaswa kujaribu hili nyumbani."

Kichwa: "Kuhara kunakorudi baada ya antibayotiki: bakteria wa kinyesi walivyotumika kukutibu." Tangazo limesogezwa hadi baada ya taarifa ya hali ya hewa. Mhariri amenuna, ila amekubali.

Maabara_Lindi

Safi. Mawili tu. Kwenye kichwa "kukutibu" itasikika kama msikilizaji ndiye anayetibiwa, weka "kuutibu". Na "watu waliopimwa" ongeza "damu na choo", la sivyo mtu ataenda zahanati kupima choo peke yake na kurudi na karatasi yake ya "hakuna kilichoonekana".